Chuma, watoto wa Pemba, na namna ya kusoma utafiti wa lishe

SWALI: Mimi ni muuguzi wa zahanati mkoani Tanga. Kwenye kundi letu la WhatsApp hakuna wiki inayopita bila ujumbe wa "utafiti umethibitisha", leo mayai, kesho mafuta ya nazi. Nimechoka kusimuliwa, nikaanza kutafuta tafiti zenyewe mtandaoni. Sasa nimekutana na mmoja wa Pemba unaosema watoto waliopewa madini ya chuma walilazwa na kufa zaidi kuliko wasiopewa. Sisi kliniki tunahimiza chuma. Nani mkweli? Na mtu kama mimi, Kiingereza cha kuombea maji na hesabu niliziacha kidato cha nne, nazisomaje karatasi hizi nisipotoshwe?

JIBU: Dada yangu, katika tafiti za lishe zilizofanyika upande wetu huu wa Afrika, umeangukia ule ambao ningekuchagulia mwenyewe kama ungeniomba mmoja wa kujifunzia. Kwa kifupi, utafiti wa Pemba ni wa kweli na ulifanywa kwa umakini mkubwa, na kliniki yako nayo haidanganyi watu. Hayo mawili yanakaa pamoja bila ugomvi kwa sababu utafiti hujibu swali lile lililoulizwa tu, kwa watu wale, mahali pale, wakati ule. Anayekurushia "utafiti umethibitisha" mara nyingi ameshakata hayo yote na kubakiza jibu peke yake.

Tuufungue taratibu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 jambo lilionekana wazi: watoto wetu wengi wana upungufu wa damu, damu huhitaji chuma, basi wapewe chuma wote. Ushauri wa kimataifa ulielekea hukohuko. Sunil Sazawal wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzake, wakiwemo watafiti wa maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri iliyoko Pemba, hawakuuliza kama chuma hupandisha damu. Hilo lilikwisha julikana. Waliuliza swali gumu zaidi: tukiwapa watoto wote bila kuwapima kwanza, mahali ambapo malaria ni ya mwaka mzima, je, wanaolazwa na wanaokufa watapungua?

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2006. Watoto 24,076 wa kuanzia mwezi 1 hadi miezi 35 waligawanywa makundi matatu. 7,950 walipewa chuma na asidi ya foliki, 8,120 wakapewa hivyo viwili pamoja na zinki, na 8,006 wakapewa plasebo, yaani kitu kisicho na kirutubisho chochote. Dozi ya chuma ilikuwa miligramu 12.5 kwa siku, na walio chini ya mwaka walipewa nusu yake. Mtoto yupi aingie kundi lipi hakuchagua mama, wala daktari, wala mtafiti. Iliamuliwa kwa kura.

Usiipite hiyo kura haraka. Wewe unakaa kliniki, unawajua akina mama. Yule ambaye angekuja mwenyewe kuomba chuma mara nyingi ndiye aliye na chandarua kisichotoboka, nauli ya kumfikisha kituoni mtoto akipata homa usiku, na mume asiyegombana naye kuhusu hospitali. Ukilinganisha watoto wake na wa jirani asiyekuja, utakuwa unalinganisha maisha mawili tofauti, kisha sifa zote unampa kidonge. Kura ikipigwa kwa maelfu ya watoto, wenye chandarua na wasio nacho wanatawanyika karibu sawasawa kila kundi. Hapo tofauti itakayojitokeza baadaye ina mahali pamoja tu pa kulaumu, yaani kidonge, au ni bahati.

Kulikuwa pia na bodi huru iliyokuwa ikifuatilia takwimu utafiti ukiendelea. Tarehe 19 Agosti 2003 makundi yenye chuma yalisimamishwa kwa ushauri wake. Watoto waliokuwa wakipewa chuma na foliki, pamoja na zinki au bila zinki, walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 12 wa kufa au kuhitaji matibabu ya hospitali kuliko wa plasebo.

Sasa angalia mabano yanayofuata baada ya hiyo 12. Utaona 2 hadi 23. Wengi huyaruka, na ndiyo sehemu yenye unyenyekevu kuliko zote katika karatasi. Watafiti wanakuambia: makadirio yetu bora ni 12, lakini ongezeko la kweli laweza kuwa dogo kama 2 au kubwa kama 23. Namba zote mbili ziko upande mmoja wa sifuri, kwa hiyo ni vigumu kusema ilitokea kwa bahati tu. Shuka kidogo mpaka kwenye vifo peke yake. Vilizidi kwa asilimia 15, lakini mabano yanasema kutoka 7 chini ya sifuri hadi 41 juu yake. Maana yake vifo vingeweza hata kuwa vimepungua kidogo, au vimeongezeka sana. Takwimu hizo hazikutosha kuamua. Kwa hiyo pale ulipoandika "walilazwa na kufa zaidi", nusu ya kwanza ina mashiko, nusu ya pili bado. Huhitaji hesabu ya kidato cha sita kuona hivyo. Unatazama tu kama mabano yamevuka sifuri. Ukikuta karatasi inatoa uwiano, yaani hatari ya kundi moja ikigawanywa kwa ya jingine, badala ya asilimia, mpaka unakuwa 1 badala ya sifuri.

Halafu kuna sehemu ambayo ujumbe wa WhatsApp usingekuletea kamwe. Ndani ya utafiti huo mkubwa kulikuwa na mdogo, ambamo watoto walipimwa damu tangu mwanzo na kufuatiliwa kwa karibu, malaria na maradhi mengine yakitafutwa na kutibiwa. Humo, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma na damu walielekea kufaidika na chuma. Madhara yalielekea kwa wale ambao hawakuwa na upungufu. Na wakati huohuo utafiti kama huo ulifanyika kusini mwa Nepal, mahali pasipo na malaria kama ya Pemba: vifo havikupungua, lakini madhara ya aina ile hayakuonekana. Unaona sura inavyojichora? Chuma ni chakula cha mwili na pia ni chakula cha vimelea. Kumwongezea mtoto asiyekihitaji, tena asiyelindwa na malaria, ni jambo tofauti kabisa na kumtibu aliyepungukiwa.

Shirika la Afya Duniani lilirekebisha ushauri wake baada ya hapo: penye malaria, chuma kwa watoto kiende sambamba na kinga, uchunguzi na tiba ya malaria. Mwaka 2016 mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 35 yenye watoto karibu 32,000 na kufika palepale: huduma za malaria zikiwepo, chuma hakiongezi malaria, zikikosekana, chaweza kuongeza. Pemba yenyewe si ile ya 2003, maana malaria Zanzibar ilishuka sana baada ya dawa mseto na vyandarua kusambazwa. Na kwa wajawazito hili ni suala lingine kabisa, lenye tafiti zake, usilichanganye. Endelea na mwongozo wa wizara, pima damu pale inapowezekana, na mtoto mwenye homa apimwe malaria kabla ya jingine lolote.

Huo ni mmoja. Sasa ukutane na karatasi usiyoijua.

Usianze na sentensi ya mwisho ya ikisiri, ule muhtasari wa mwanzoni. Najua ndiyo fupi na ndiyo yenye Kiingereza chepesi, lakini hapo mwandishi ameshageuka wakili wa kazi yake. Nenda kwenye sehemu ya mbinu utafute neno moja: walilinganishwa nani na nani? Kama hakuna wa kulinganishwa naye, mathalani watu 40 walikunywa juisi ya rozela mwezi mzima presha ikashuka, funga karatasi uendelee na kazi. Presha hushuka yenyewe kwa watu wengi wanaopimwa mara ya pili na ya tatu, hasa kama walichaguliwa kwa sababu siku ya kwanza ilikuwa juu. Kama waliolinganishwa ni panya, au seli ndani ya chupa ya maabara, ni hatua ya kwanza ya elimu na haina la kumwambia mgonjwa wako. Hapo ndipo zinapozaliwa habari nyingi za majani yanayoua saratani. Hata jiki huua seli za saratani kwenye chupa.

Kundi kubwa zaidi utakalokutana nalo ni tafiti za kufuatilia: watu laki moja wanaulizwa wanakula nini, wanasubiriwa miaka kumi, ishirini, kisha inahesabiwa nani aliugua. Hakuna kura hapa. Watu wamejichagulia chakula wenyewe. Watafiti hujaribu kusawazisha kwa hesabu, wakiondoa athari ya umri, sigara, kipato. Wanachoweza kusawazisha ni kile walichokipima tu.

Mfano unaowanyima usingizi watu wa fani yangu ni wa Finland. Kwa miaka mingi tafiti za kufuatilia zilionyesha kuwa wanaokula matunda na mboga kwa wingi, na wenye beta-karotini nyingi kwenye damu, wanapata saratani ya mapafu kidogo. Beta-karotini ndiyo rangi ile ya karoti na viazi lishe. Mantiki ikasema basi tuwape vidonge. Wakachukuliwa wanaume wavutaji sigara 29,133, kura ikapigwa, waliopewa beta-karotini wakameza miligramu 20 kila siku kwa miaka 5 hadi 8. Matokeo yalitoka 1994: saratani ya mapafu iliongezeka kwa asilimia 18 miongoni mwao. Utafiti mwingine kama huo Marekani ulisimamishwa mapema 1996 kwa sababu hiyohiyo, ongezeko likiwa asilimia 28. Karoti haikuwa na kosa. Mla mboga ana mengine mengi yanayomlinda, na kidonge kimoja chenye dozi kubwa si sahani ya mboga.

Lakini usitoke hapa ukidhani tafiti zisizo na kura ni za kutupa. Wapo wenzangu wanaosema hivyo na mimi siwaungi mkono. Miaka ya 1980 wilayani Tarime, wakati wa ukame, watu wazima na watoto walipooza miguu ghafla, ugonjwa unaoitwa konzo. Watafiti waliutafuta chanzo chake kwenye muhogo mchungu ulioandaliwa harakaharaka kwa sababu ya njaa, sianidi ikabaki kwenye unga. Hakuna bodi ya maadili duniani ingeruhusu kura ya nani ale unga wenye sumu. Ushahidi ulitoka kwenye mpangilio: ugonjwa hufuata ukame na muhogo ulioandaliwa vibaya, umeonekana Kongo na Msumbiji kwa sura ileile, mkojo wa wagonjwa una mabaki ya sianidi, na kemia inaeleza njia yenyewe. Ushahidi wa aina nyingi ukielekea mahali pamoja, na athari ikiwa kubwa kiasi hicho, kura si lazima. Shida ni pale athari inapokuwa ndogo, asilimia 8 au 10, na ushahidi ni dodoso tu.

Na dodoso la chakula, dada, tulizungumze. Mtafiti anakaa na mama anamuuliza: katika mwezi uliopita, ulikula samaki mara ngapi, kiasi gani? Nani anakumbuka? Kisha familia imekula sinia moja, mikono sita. Baba amechukua vipande viwili vya nyama, mtoto wa mwisho amechovya mchuzi tu. Gramu ngapi za kila mmoja? Ipo njia ya kuuliza ya jana peke yake, saa 24 zilizopita, ambayo kumbukumbu yake ni bora, lakini kama jana ilikuwa siku ya futari au msiba wa jirani, umepata picha ya jana na si ya mtu. Msimu wa maembe utampa vitamini A ambayo msimu ukiisha hana. Watu pia hupunguza katika kusimulia; vipimo vya nishati vinavyotumia maji yenye alama maalumu vimeonyesha tena na tena kwamba tunataja chakula kidogo kuliko tulichokula, hasa wenye uzito mkubwa. Kwa hiyo ukisoma "wanaokula gramu 37 za karanga kwa siku", jua hiyo 37 imetoka kwenye kumbukumbu za watu.

Usahihi wa kweli una gharama. Kevin Hall na wenzake huko Marekani waliwaweka watu 20 ndani ya kituo cha utafiti wiki nne, kila sahani ikipimwa ikitoka na ikirudi. Wiki mbili chakula kilichosindikwa sana, wiki mbili chakula cha kawaida, kila mtu ale atakavyo. Walipokuwa kwenye cha viwandani walikula karibu kalori 500 zaidi kwa siku na kuongezeka uzito kama kilo 0.9. Matokeo hayo ya 2019 nayaamini kwa kile walichopima. Hayaniambii lolote kuhusu miaka kumi, na watu 20 ni wachache. Ndiyo biashara yetu hiyo: unapata usahihi kwa watu wachache kwa muda mfupi, au watu wengi kwa muda mrefu kwa kubahatisha.

Ukifika kwenye matokeo, swali la kuuliza kila asilimia ni: ya ngapi? Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka nyama zilizosindikwa, soseji na wenzake, katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, na kusema gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Ujumbe ukazunguka kuwa soseji ni sawa na sigara. Kundi lile hupima uhakika wa ushahidi. Halipimi ukubwa wa madhara. Kwa Uingereza makadirio yalikuwa hivi: katika watu 1,000 wanaokula nyama hizo kwa uchache kabisa, kama 56 watapata saratani hiyo maishani, katika 1,000 wanaozila zaidi, kama 66. Kumi zaidi katika elfu. Si jambo la kupuuza, na si sigara pia. Namba hizo ni za huko. Kwetu, ambako ugonjwa wenyewe bado ni wachache zaidi wanaoupata, kumi hiyo ingekuwa ndogo zaidi. Mwandishi anayekupa asilimia bila kukuambia ilianzia wapi, mshuku.

Hesabu pia walipima vitu vingapi. Mwaka 2015 mwandishi wa habari John Bohannon na wenzake waliwapa watu chokoleti nyeusi huko Ujerumani, washiriki 15 tu, lakini wakapima mambo 18: uzito, lehemu, usingizi na kadhalika. Walifanya makusudi. Ukikata tiketi 18 za bahati nasibu, moja kushinda si muujiza. Kwa kipimo cha kawaida cha asilimia 5, yaani kukubali matokeo ambayo bahati peke yake ingeyaleta mara 5 katika 100, uwezekano wa angalau kimoja kuonekana "kimefanikiwa" bila sababu yoyote unafika kama asilimia 60. Wao walibahatika kwenye uzito, jarida moja likachapisha, magazeti ya nchi nyingi yakatangaza kuwa chokoleti hupunguza mwili. Ndiyo maana majaribio mazuri husajiliwa kabla ya kuanza, yakitaja kipimo kikuu kitakachoamua; kwa Afrika ipo PACTR, sajili ya majaribio ya tiba ya bara zima. Ukikuta walichosajili ni kisukari na wanachojisifia ni usingizi, umeshajua.

Aliyelipa ni nani utaliona mwishoni mwa karatasi, kwa maandishi madogo. Fedha ya kampuni haifanyi matokeo kuwa uongo, inanifanya nisome mbinu mara mbili. Mwaka 1967 jarida kubwa la tiba la Marekani lilichapisha mapitio yaliyoelekeza lawama za ugonjwa wa moyo kwenye mafuta na kuipunguzia sukari. Mwaka 2016 ndipo nyaraka zilipochapishwa zikionyesha kuwa taasisi ya wafanyabiashara wa sukari iliwalipa waandishi, wa Harvard hao, dola 6,500. Wakati ule kutaja mlipaji halikuwa sharti.

Kuhusu kupata karatasi zenyewe: PubMed, hazina ya mtandaoni ya kutafutia tafiti za tiba, ni bure, na nyingi za tafiti za Afrika zimewekwa wazi nzima. Ukikwama ikisirini, uliza hospitali ya mkoa au chuo cha karibu kama wana Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani unaozipa taasisi za nchi kama yetu majarida bure au kwa bei ndogo. La sivyo, mwandikie barua pepe mwandishi aliyetajwa kwa mawasiliano, sentensi mbili zinatosha. Wengi hutuma siku hiyohiyo na hufurahi kuwa kuna muuguzi anayewasoma. Cochrane huandika muhtasari wa lugha nyepesi kwa kila mapitio, na kwa swali ambalo limeshafanyiwa majaribio mengi ningeanzia hapo kabla ya karatasi moja moja.

Na kwa kundi lenu la WhatsApp, usibishane. Mtu akituma "utafiti umethibitisha mafuta ya nazi", mjibu kwa upole kwa maswali mawili: walilinganishwa na waliotumia mafuta gani, na kilichopimwa ni lehemu, uzito au mshtuko wa moyo wenyewe? Asipojua, mwombe kiungo cha karatasi. Kikija, nitumie na mimi.